Laptopu Yako Haijafa, Umedanganywa

Leo sina vidio. Leo nina hasira, na hii hasira haitoshei kwenye sekunde sitini, kwa hivyo itabidi msome.

Wiki iliyopita binamu yangu alipita nyumbani hapa Kakuyuni amebeba laptopu ndani ya mfuko wa unga. HP EliteBook 840 G3, zile zinazotumika maofisini Uingereza halafu zinaletwa huku. Ramu 8GB, SSD ya 256GB, betri bado inakaa masaa matatu. Alikuwa anangoja matatu ya kwenda Malindi akaiuze. Shilingi elfu sita. Nikamuuliza, kwani ina shida gani? Akaniambia, "Bro, hii ishakufa. Haikubali Windows 11. Fundi amenishauri niitoe mapema kabla haijakosa bei kabisa. Yeye ataichukua, mimi nimuongeze elfu ishirini na mbili, anipe nyingine."

Nikaiwasha. Ikawaka. Nikafungua YouTube, vidio ikacheza bila kukwama. Maiti inacheza YouTube! Nikamwambia keti chini, matatu zitapita nyingine.

Sasa nataka tuelewane hapa manake huu uongo umezagaa kuanzia Malindi mpaka Mtwapa, na unakula pesa za watu ambao hawana pesa. Ukweli ni huu. Windows 10 ilitoka mwaka 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wakaacha kuihudumia. Kuacha kuihudumia maana yake hawatoi tena apdeti za bure za kuziba mianya ya usalama kama ilivyokuwa. Haina maana kwamba mashine inazima. Ni kama nyumba ambayo askari wa usiku ameondoka: nyumba ipo, kitanda kipo, ila mlangoni hakuna mtu, na wezi wanajua.

Windows 11, iliyotoka 2021, nayo ina masharti. Inataka chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha 8 kuendelea, ukitoa chache sana. Mashine ya binamu yangu ni kizazi cha 6. Si kwamba haina nguvu. Kiwango cha chini cha ramu kwa Windows 11 ni 4GB, yeye ana mara mbili ya hiyo. Haimo kwenye orodha, basi. Kampuni moja ya utafiti, Canalys, ilikadiria mwaka 2023 kwamba kompyuta kama milioni 240 duniani zinaweza kuishia jalalani kwa sababu ya hili jambo. Milioni 240! Halafu jiulize, ofisi za Ulaya zikizitoa, zinaenda wapi? Nyingine zitapanda meli, zitashuka Mombasa, na wewe utauziwa moja na stika mpya imebandikwa, uambiwe "hii ni Windows 11 kabisa". Kuna njia ya kupita yale masharti kwa nguvu, mafundi wanaijua, na mimi pia naijua. Ila Microsoft wenyewe wamesema mashine iliyopitishwa hivyo haina ahadi ya kupata apdeti. Umeambiwa hilo dukani? Hujaambiwa.

Na kuwa mkweli, kuna njia ya halali ya kusogeza siku. Windows 10 inaweza kupata apdeti za usalama kwa mwaka mmoja zaidi, hadi 13 Oktoba 2026. Unalipa dola 30, ama unatumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards, ama unaingia na akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwao, hapo hulipi kitu. Ni kitufe tu, kiko kwenye mipangilio ya apdeti. Yule fundi hakumwambia. Angemwambia, angemuuzia nini?

Hapa sasa ndipo ninapoingia na langu.

Mimi nasema kila kijana wa huku mwenye laptopu ya aina hiyo aweke mifumo endeshi miwili kwenye mashine moja. Windows ibaki. Linux iingie pembeni. Ukiwasha, mashine inakuuliza unataka nani leo, unachagua kwa mishale, unabonyeza Enter, umemaliza. Chukulia ni ploti yenye wapangaji wawili. Kila mtu na mlango wake, choo cha pamoja.

Kabla hujaniuliza nimejulia wapi: niliacha chuo mwaka wa pili. Karo. Sina diploma, sina cheti cha kubandika ukutani, na najua kuna watu wanasema "dropout atatufundisha nini". Sawa. Linux yenyewe ilitangazwa Agosti 1991 na mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki mwenye miaka 21, Linus Torvalds, na yeye mwenyewe akaandika kwamba ni kitu cha kujifurahisha tu. (Yeye alimaliza chuo lakini. Msimuonyeshe mama yangu hii aya.)

Nilijifunza kwa kuumia. Mwaka 2022 mashine yangu ilikuwa inajizima, nikaipeleka kwa fundi mjini. Simtaji, na hata nikimtaja haitasaidia. Nikamwachia asubuhi, nikarudi saa kumi jioni, nikalipa 1,500. Mashine mpya kabisa, Windows inang'aa, Office imo, antivairasi imo. Nikafungua folda la vidio. Hakuna. Nikafungua "Documents". Hakuna. Akaniangalia, akasema, "Nilifomati, kwani ulikuwa na vitu?"

Nilikuwa na vitu. Nilikuwa na rekodi kumi na moja za hawe wangu, ameketi chini ya mwembe, anasimulia kwa Kigiriama jinsi walivyokuwa wakihama na jinsi alivyoolewa, na mahali anacheka mpaka anakohoa. Hawe alifariki mwaka uliofuata. Sina sauti yake. Nina picha mbili kwenye simu.

Na ile Windows aliyoniwekea? Kraki. Ilikuwa na kiprogramu kimejificha kinachojifanya kinaamsha leseni, na ndani ya miezi miwili akaunti yangu ya Instagram ilikuwa inauza miwani kwa Kihispania. Siwezi kuthibitisha mahakamani kwamba vilikuwa na uhusiano. Lakini fikiria: programu usiyoijua ilipotoka, umeipa funguo zote za nyumba, umezima na antivairasi manake fundi amekwambia "hiyo inasumbua tu", halafu unaingia eCitizen, unaingia HELB, unaingia benki. Watu wanaogopa Linux kwa sababu hawaijui. Kraki wanaijua?

Baada ya hapo niliapa mtu mwingine hatagusa diski yangu.

Hasira yangu ya pili ni shuleni. Mimi nilisoma kompyuta. Somo lilikuwa bonyeza hapa, "Word" inafunguka, bonyeza pale, herufi inakuwa nyeusi. Miaka minne. Hakuna siku hata moja mtu alituambia kwamba Windows ni kitu kilichowekwa juu ya mashine na kinaweza kutolewa, kama vile godoro si kitanda. Tulifundishwa tofauti ya tarakilishi na kipakatalishi, ndiyo, maneno mazuri, nikitoka nje ya geti la shule sijawahi kusikia mtu akisema "nimeibiwa kipakatalishi". Lakini mfumo endeshi ni nini, nani anautengeneza, kwa nini mmoja unalipiwa na mwingine ni bure? Kimya. Halafu tunashangaa kijana anauza mashine nzima kwa sababu godoro limechakaa.

Na wengi wenu mnatumia Linux kila siku. Android imejengwa juu ya kiini cha Linux. Tecno yako, Infinix yako, hiyo unayosomea hapa. Kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, tangu Novemba 2017 zote zinaendeshwa na Linux. Yani kitu kinatosha kwa mashine za kutabiri hali ya hewa, na kinatosha kwa simu ya elfu kumi, ila kwa laptopu ya Kakuyuni ndio hakifai? Hebu.

Na msiniambie haya ni mambo ya Wazungu. Kutoka hapa hadi Ngomeni si mbali. Pale baharini, kwenye jukwaa la San Marco la Waitaliano, tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ikapewa jina Uhuru kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei angani. Wazee wa Ngomeni waliona roketi zikipanda. Sisi wajukuu tunaogopa kubonyeza F9.

Lugha pia. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya kuandika na kupiga hesabu, menyu zote kwa Kiswahili. Waliweza kwa sababu ilikuwa programu huria: kodi iko wazi, unaichukua, unaitafsiri, huombi ruhusa kwa mtu. Leo ukitaka menyu za LibreOffice kwa Kiswahili zipo. Kigiriama hakipo. Kinangoja nani? Sijui, labda wewe uliyekaa hapo ukisema huna cha kufanya likizo hii.

Sasa kuna kundi la pili ambalo nataka kugombana nalo, na hawa ni marafiki zangu. Watu wa Linux wa mitandaoni. Kijana yuko Nairobi, ana intaneti ya waya isiyokatika, ana mashine mbili mezani, anakwambia, "Futa Windows yote, kuwa huru." Bro, uhuru gani? Mimi natengeneza vidio. CapCut ya kompyuta haina toleo la Linux. Premiere haina. Kdenlive ninaitumia na naipenda, lakini mteja wa harusi akinitumia mradi wa Premiere nitamjibu nini, "niko huru"? Dada yangu yuko chuo cha ufundi, mwalimu anataka kazi iwe ya Word, na ukiiandika kwenye LibreOffice mara nyingine jedwali linahama, picha inaruka ukurasa. Anapoteza alama yeye, si yule wa Nairobi. Na wale wa EA FC, mchezo wenu una ulinzi wa kuzuia wizi ambao hautaki kusikia Linux. Ndio maana nasema miwili. Windows itumie kwa kile ambacho lazima kiwe Windows, ukiweza bila intaneti kabisa. Mambo ya mtandao, paswadi, eCitizen, kusoma, kuandika, kujifunza kodi, fanyia Linux. Anayekwambia uchague moja hajui maisha yako.

Jinsi ya kufanya. Nitasema kwa ufupi lakini kuna mahali nitakaa, manake hapo ndipo watu wanalilia.

Kwanza bakapu. Kabla ya chochote. Toa picha, toa vidio, toa ile barua ya chifu uliyoiskani, weka kwenye diski ya nje au flashi ya mtu unayemwamini. Kama huwezi kufanya bakapu leo, usifanye hii kazi leo. Mnajua kwa nini nasema hivi.

Pili, angalia kama BitLocker imewashwa. Hiyo ni kufuli ya diski, na mashine nyingine huwa nayo bila mwenyewe kujua. Ikiwa imewashwa, tafuta ile namba ndefu ya kuifungulia, iandike kwenye karatasi. Karatasi, si ndani ya hiyo laptopu. Halafu nenda kwenye mipangilio ya umeme uzime Fast Startup, kwa sababu hiyo inafanya Windows isizime kabisa, inalala jicho moja wazi, na Linux ikijaribu kuandika kwenye diski yake inazuiwa.

Tatu, punguza nafasi ya Windows ukiwa ndani ya Windows yenyewe, pale palipoandikwa Disk Management. Bonyeza diski ya C, chagua kuipunguza, toa kama 60GB, uache hapo tupu. Usiigawe, usiipe jina. Binamu yangu alikuwa na nafasi tele kwa sababu nusu ilikuwa sinema za Kikorea.

Linux Mint ndiyo ninayowapa wanaoanza. Inafanana na Windows kiasi kwamba mama yangu aliifungua akatafuta karata na akazipata. Inataka ramu 2GB, ingawa 4GB ndiyo raha, na toleo la 22 litapata apdeti hadi 2029. Faili lake ni karibu 3GB. Hapa ndipo tunapoumia sisi wa huku: kwa bando ya kawaida hiyo ni pesa. Mimi nilienda na laptopu mpaka Malindi, kwa rafiki yangu mwenye waifai ya kazini, nikamnunulia mahamri na mbaazi, tukapakua. Ikishapakuliwa mara moja inatosha kijiji kizima. Inaingizwa kwenye flashi ya 8GB kwa programu ya bure inaitwa Rufus. Flashi itafutwa yote, kwa hivyo usitumie ile ya mzigo wa kwaya.

Zima, chomeka flashi, washa huku unabonyeza F9 kama ni HP, au F12 kama ni Dell au Lenovo. Mint itafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Hapo kaa. Jaribu waifai, jaribu sauti, jaribu kibodi. Kama waifai haishiki, ni afadhali ujue sasa. Ukiridhika ndio ufungue kisakinishi, na kitafika mahali pa kukuuliza: kuiweka kando ya Windows, au kufuta diski yote. Soma mara tatu. Mwite mtu mwingine asome. Hiyo ya pili ikibonyezwa hakuna cha "samahani". Hapo ndipo hawe wa mtu anapotea.

Baada ya dakika ishirini hivi unawasha upya, na kuna orodha nyeusi inaitwa GRUB, inakusubiri uchague.

Kuna vituko, siwafichi. Cha kwanza ni saa. Utatumia Linux usiku, urudi Windows, saa nne ya usiku inasomeka saa moja. Linux huchukulia saa ya ndani ya mashine kuwa ni ya UTC halafu inaongeza masaa yetu matatu, Windows huichukulia kuwa ndiyo saa ya hapa. Andika kwenye kidirisha cheusi cha Linux: timedatectl set-local-rtc 1. Imeisha. Mimi nilikaa wiki nzima nikidhani ni jini.

Cha pili ni kizito. Windows haijazoea kuwa mpangaji, inajiona mwenye ploti. Agosti 2024 ilitoka apdeti ya usalama ya Windows ambayo ilifunga mlango wa Linux kwenye mashine za watu wengi zenye mifumo miwili, wakati Microsoft walikuwa wamesema haitazigusa mashine za aina hiyo. Watu waliwasha wakaona onyo la "Security Policy Violation" na mashine ikazima. Dawa ilikuwa kuzima Secure Boot kwa muda, kurekebisha, kuiwasha tena, na suluhisho lenyewe kutoka kwao lilikuja Mei 2025. Miezi tisa. Kwa hivyo ukiniuliza kama hii njia haina shida, nitakwambia ina shida. Ila shida yake unaweza kuirekebisha mwenyewe, sebuleni, bila kumpa mtu 1,500 na bila kurudi jioni kukuta folda tupu.

Binamu yangu hakwenda Malindi siku ile. Tulianza saa nane, stima ikapotea saa tisa, ikarudi saa kumi na mbili, tukamaliza giza limeingia na mbu wametumaliza. Sasa ana Windows ya kuchezea mpira na Mint ya kusomea, na elfu ishirini na mbili zake bado ziko kwake, ingawa nasikia anataka kununua spika.

Jumamosi nitakuwa hapa kituoni Kakuyuni, chini ya mwembe upande wa pikipiki, nina flashi mbili zenye Mint na kebo ya kurefusha. Bure. Njoo na chaja yako, na uwe umeshafanya bakapu, manake nitakuuliza uniionyeshe kabla sijagusa chochote. Stima ikipotea tutaendelea Jumapili baada ya kanisa.